M-Pesa kwa asiye na akaunti ya benki: tathmini ya fundi wa nguo wa Mombasa

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko Majengo, Mombasa, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa pesa zote ninazozipata kwa kushona, pamoja na zote ninazomtumia mamangu aliyeko Msambweni katika kaunti ya Kwale, zimepita kwenye simu yangu bila kuingia benki hata siku moja. Sijapata kufungua akaunti ya benki. Kila nilipofikiria kuifungua nilijiuliza ingenifanyia kazi gani ambayo simu haijaifanya, na sikupata jibu lenye uzito wa kunitoa kazini asubuhi nzima nikapange foleni. Kwa hiyo ninapoitathmini M-Pesa ya Kenya naitathmini kwa jicho la mtu asiyekuwa na mlango mwingine: ukifunguka napita, ukikwama nabaki nje na mamangu anabaki bila dawa ya presha.

Walio wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Safaricom kuizindua huduma hii tarehe 6 Machi 2007. Ukitaka kumtumia mzazi pesa ulikuwa na hawala ya posta, ambayo mpokeaji aliifuata mjini kwa nauli yake mwenyewe, au ulitia noti kwenye bahasha ukampa utingo wa matatu unayemfahamu, au ulivuka kivuko cha Likoni ukazipeleka kwa mkono wako. Bahasha ya utingo ilikuwa amana, na amana nyingi zilifika. Lakini hazikufika zote, na pale ambapo haikufika hakukuwa na risiti, hakukuwa na wa kumshtaki, na mara nyingi uhusiano wa watu wawili uliishia hapo.

Huduma yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya watu kama mimi na mamangu. Majaribio yaliyoanza mwaka 2005, yakiendeshwa na Vodafone kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza na kwa ushirikiano na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, yalikusudia kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Waliopewa simu hizo walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na waendeshaji wakawa na busara ya kuwatazama na kuwafuata. Ndiyo maana huduma ilipozinduliwa rasmi wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, tendo hili moja la kutuma pesa nyumbani bado ndilo inalolifanya vizuri kuliko mengine yote yaliyoongezwa baadaye.

Nalisema hili nikiwa na ushahidi. Mamangu anatumia simu ndogo ya vitufe, ile ambayo watu wameipa jina la mulika mwizi. Haina intaneti wala haihitaji kuwa nayo, kwa sababu menyu ya M-Pesa inakaa ndani ya laini yenyewe na pia hupatikana kwa kubonyeza *334#. Kujiandikisha kulihitaji kitambulisho chake cha taifa na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, basi. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo lilimbadilishia mambo, ni kwamba lugha ya menyu na ya ujumbe inaweza kubadilishwa kuwa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa mamangu alikuwa akipokea ujumbe wa Kiingereza na kuupeleka kwa mtoto wa jirani ausomewe, maana yake ni kwamba nyumba ya jirani ilijua kila shilingi iliyoingia kwake. Siku nilipombadilishia lugha aliusoma ujumbe mwenyewe, polepole, kiasi na jina la aliyetuma na salio lililobaki, kisha akaifunga simu kwenye ncha ya leso yake kama anavyofanya na noti. Kama una mzazi anayejua kusoma Kiswahili na hajabadilishiwa lugha, fanya hivyo leo. Ni kazi ya dakika mbili.

Swali la pili ambalo asiye na benki huliuliza ni pesa hizi ziko wapi hasa. Hazikai ndani ya simu, na ndiyo maana simu ikiibwa salio haliibwi pamoja nayo iwapo nambari ya siri haijulikani. Kila shilingi inayoonekana kwenye salio inapaswa kuwa na shilingi yake iliyowekwa kwenye benki za biashara chini ya mdhamini, ambaye ni kampuni tofauti iitwayo M-Pesa Holding, na huduma nzima iko chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya Kenya kwa mujibu wa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya mwaka 2011. Kwa hiyo mtu anayesema hana benki ana pesa benki bila jina lake kuandikwa kwenye daftari la benki hiyo. Tangu Agosti 2023 salio linaweza kufika shilingi 500,000 na muamala mmoja shilingi 250,000, viwango ambavyo kwa fundi wa nguo ni dari la juu mno, ingawa kwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Mtaa wa Biashara huenda visitoshe.

Sasa nifike kwenye ada, kwa sababu hapa ndipo sifa zangu zinapokutana na lawama, na ningependa msomaji anifuatilie kwa kalamu na karatasi. Natumia viwango vilivyoanza Julai 2023, baada ya ushuru wa bidhaa kwenye huduma hizi kupandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Kuweka pesa kwa wakala ni bure. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Kutuma kati ya 101 na 500 ni shilingi 7, na kati ya 501 na 1,000 ni shilingi 13. Upande wa kutoa ndiko kwenye uzito: ukitoa shilingi 101 au ukitoa shilingi 2,500, ada ni ile ile, shilingi 29.

Tuchukue mtu anayemtumia mamake shilingi 200 za unga na mafuta ya taa. Atalipa 7 kutuma, mama atalipa 29 kutoa, jumla 36, yaani asilimia 18 ya pesa yenyewe. Anayetuma 1,000 atagharimika 42 kwa pande zote mbili, ambayo ni asilimia 4.2. Anayetuma 20,000 atalipa 105 na mpokeaji atalipa 185, jumla 290, ambayo haifiki hata asilimia moja na nusu, na anayetuma 50,000 hafiki asilimia moja. Kadiri mtu alivyo na kidogo ndivyo kipande kinachokatwa kinavyokuwa kikubwa. Najua kwamba kumhudumia anayetoa 200 kunamchukua wakala muda ule ule wa kumhudumia anayetoa 2,000, na kwamba wakala naye anakula kutokana na ada hiyo, hivyo sidai kwamba ada zilingane kwa asilimia. Ninachokisema ni kwamba hakuna sababu ya haki inayomfanya anayetoa shilingi 150 alipe sawasawa na anayetoa 2,500, na nimeitafuta sababu hiyo kwa muda mrefu.

Kutokana na viwango hivyo nimejifunza kukata pesa kama ninavyokata kitambaa, nikiangalia mabaki. Zamani nilikuwa nikituma shilingi 500 kila Ijumaa, na mama akizitoa jioni ile ile. Kwa majuma manne sisi wawili tulilipa shilingi 144 ili 2,000 zifike mkononi mwake. Nikituma 2,000 kwa pamoja mwanzo wa mwezi naye akazitoa kwa mara moja, ada ni 33 na 29, jumla 62. Na nikizituma mara mbili, 1,000 na tena 1,000, kisha akazitoa kwa pamoja, ni 26 na 29, jumla 55. Vivyo hivyo 3,000 zikitumwa kwa mkupuo mmoja ada ya kutuma ni 53, zikigawanywa mara tatu ni 39. Ukifika 5,000 hesabu inageuka, kwa maana mara tano za 1,000 ni 65 ilhali mkupuo mmoja ni 57. Nafuu hii ipo kwa yeyote mwenye pesa za mwezi mzima mkononi. Lakini fundi anayelipwa nguo kwa nguo hana 2,000 za mwezi mzima tarehe mosi, na hapo ndipo mfumo unapomtoza zaidi yule anayelipwa kidogo kidogo.

Baada ya ada, jambo linaloamua kama huduma hii ni nzuri au mbaya kwa mpokeaji wa kijijini ni wakala, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu watu wa mjini hawalifahamu. Wakala ana mifuko miwili: floti, yaani pesa zake zilizo kwenye simu, na noti zilizo kwenye saraka. Mteja akiweka pesa, noti za wakala huongezeka na floti yake hupungua. Mteja akitoa, floti huongezeka na noti hupungua. Mjini mifuko hii hujisawazisha kwa sababu kuna wanaoweka na wanaotoa saa zote. Kijijini pesa huja kutoka mjini zikiwa kwenye simu, na karibu kila mtu anayeingia dukani anataka kutoa. Kufikia saa tano saraka imekauka. Mara ngapi mamangu amenipigia simu na kuniambia, "Mwanangu, pesa zimeingia, lakini dukani hakuna pesa." Wakala humwambia, "Mama, rudi jioni, wavuvi wakishauza nitakuwa nazo," na mama hurudi jioni, kwa mguu, kwenye jua lililobaki.

Simlaumu wakala huyo. Mtaji wake ni mdogo, na kufuata noti benki Ukunda ni kufunga duka na kulipa nauli. Kwa kweli huyo kijana ndiye mtu anayeifanya huduma hii iaminike kwa mamangu kuliko tangazo lolote: anaomba kitambulisho kila mara hata kwa mtu anayemjua, anamwandikia kwenye daftari, na hakumwomba nambari ya siri hata siku moja. Nimewahi kujaribu mtandao mwingine ambao ada zake zilikuwa nafuu zaidi, nikauacha baada ya miezi miwili kwa sababu wakala wake wa karibu alikuwa mbali na nyumbani kwa mama, na nafuu yote ya ada iliishia kwenye nauli ya bodaboda. Anayechagua huduma ya pesa kwa simu kwa ajili ya mzazi wake asianze kwa kuangalia ada. Aanze kwa kuuliza duka la wakala liko hatua ngapi kutoka mlangoni kwake na kama huwa lina noti.

Kuhusu usalama, sifa ya kwanza naipa Hakikisha, iliyoingizwa mwaka 2015, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusimamisha muamala. Nilishawahi kukosea tarakimu moja nikapeleka shilingi 1,500 kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu nilikuwa na mteja mbele yangu na sikulisoma jina. Njia ya kurudishiwa ipo: unautuma ujumbe wa muamala ule kwenda 456, na pesa zikiwa bado hazijatumiwa huweza kuzuiliwa wakati mpokeaji anaulizwa. Mpokeaji wangu alikuwa ameshazitoa. Tangu siku hiyo nalisoma jina kwa sauti kabla ya kuweka nambari ya siri, na wateja wamezoea kunisikia.

Matapeli nao wamejifunza kuutumia mfumo huu huu. Anakuja ujumbe unaofanana na wa M-Pesa ukisema umepokea shilingi elfu kadhaa, kisha mtu anapiga simu kwa unyenyekevu akisema amekosea nambari, mgonjwa yuko hospitali, tafadhali mrudishie. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, wala si kwa nambari ya simu ya mtu, na salio likikaguliwa ukweli hujulikana mara moja. Mtu akijitambulisha kuwa anapiga kutoka Safaricom na nambari yake si 0722 000 000, simu hiyo ikatwe. Mamangu nimemfundisha jambo moja tu, kwa kuwa mengi yangesahaulika: mtu yeyote akidai amekosea, jibu ni "zungumza na Safaricom," kisha simu inawekwa chini. Ameshalitumia jibu hilo mara mbili.

Palipobaki udhaifu ambao sijapata dawa yake ni nambari ya siri kwa wazee. Macho ya mtu yakififia, nambari hiyo huishia kwa mjukuu au kwa jirani au kwa mtu dukani, na hapo ulinzi wote huwa umevuka mikono. Wazee wengi ninaowafahamu wameiandika kwenye kipande cha karatasi nyuma ya kitambulisho, mahali pale pale ambapo mwizi ataitafuta. Huduma iliyofika kwa wazee wengi kiasi hiki inapaswa kuwa na njia halali ya kumteua mtu mmoja anayeaminika, mwenye kikomo cha kiasi anachoweza kutoa na ambaye matendo yake mwenye akaunti huyaona, badala ya kuwaacha wavunje kanuni kila wiki kwa sababu hawana namna nyingine.

Kwa biashara yangu nina mengi mazuri ya kusema. Natumia Pochi la Biashara, ambalo hutenganisha pesa za kushona na pesa zangu za nyumbani bila kuhitaji laini ya pili. Kabla ya hapo sikujua faida ya mwezi ni ipi, kwa sababu malipo ya madera, mchango wa chama na pesa za karo ya mtoto wa dada yangu vyote vililala kwenye salio moja. Pia mteja hawezi kuchukua nguo yake, akatoka nje, akajirudishia malipo peke yake, jambo ambalo mafundi wenzangu wa Majengo wanalijua vizuri. Wenye maduka makubwa zaidi hutumia nambari ya till, yaani nambari ya duka ya kupokelea malipo, ambapo mnunuzi halipi ada na muuzaji hukatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Kwangu mimi, ambaye wateja wangu wengi hulipa kwa vipande, Pochi linatosha. Umeme wa tokeni naununua kwa simu usiku bila kuinuka kwenye cherehani. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka kwenye umaskini na kuwasogeza wanawake 185,000 kwenye biashara kama kazi yao kuu. Nilipoyasoma makadirio hayo niliwafikiria wanawake watatu wa chama chetu ambao hawangekuwa na vibanda vyao leo kama malipo yangelazimika kupita mikononi mwa waume au wakwe.

Kuhusu mikopo nitasema machache. M-Shwari, mkopo unaochukuliwa kwenye menyu ya M-Pesa, ilianza Novemba 2012, na ada yake ya asilimia 7.5 kwa siku 30 inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa miezi kumi na miwili. Fuliza ilianza Januari 2019 na husaidia kukamilisha muamala salio likipungua, lakini deni likishakuwepo pesa yoyote itakayoingia hukatwa kwanza, hata kama imetumwa kwa ajili ya dawa. Kwa mtu anayetegemea pesa za kutumiwa, hili si jambo dogo, na kwenye simu ya mamangu sikuiwasha.

Kwa ujumla wa matumizi yangu naipa nyota nne kati ya tano, na yule ambaye hana benki na anataka kutuma pesa ndani ya Kenya kwa mtu ambaye naye hana benki namshauri aitumie bila wasiwasi. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile shilingi 29. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa kabisa kuanzia Machi hadi mwisho wa Desemba, na ilipowekwa tena, miamala ya hadi shilingi 100 ilibaki bila ada hadi leo. Miezi ile nilikuwa nikimtumia mama shilingi 150 siku ambayo nilipata 150, na sikuhisi kama nimeitupa kazi yangu njiani. Ninachokiomba sasa ni ngazi moja tu iongezwe upande wa kutoa, kati ya shilingi 101 na 500, yenye ada yake yenyewe.